Mzigo umefikishwa, ila mimi sina: miezi 14 na vijana wa pikipiki hapa Mbeya

Ujumbe uliingia saa 2:10 asubuhi: "Mzigo wako umefikishwa. Asante kwa kututumia." Nilikuwa nimekaa kwenye stuli yangu, mlango wa fremu uko wazi, jiko la mkaa liko miguuni kwa sababu ya baridi ya Julai, na tangu nifungue hakuna binadamu aliyenifikishia chochote.

Mimi ni fundi simu, Mwanjelwa, mwaka wa tisa sasa. Wateja wananiita Dada Fundi. Vioo, betri na vidude vya chaji navitoa Kariakoo. Jamaa yangu anaupakia mzigo jioni kwenye basi pale Mbezi, basi linapita Morogoro na Mikumi, linapanda Kitonga usiku, Iringa, Mafinga, Makambako, asubuhi limeingia Mbeya. Ni kilomita kama 830. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku, Oktoba 2023, nimeachana na ile habari ya kufunga kazi jioni nikasubiri basi stendi na koti la mume wangu mabegani. Siku hizi mzigo unaamka Mbeya pamoja na mimi. Kinachobaki ni kipande kifupi kuliko vyote, kutoka stendi mpaka kwenye fremu yangu, na hicho ndicho ninachowalipia hawa vijana wa pikipiki ninaoandika habari zao leo.

Jina la kampuni yao silitaji. Ndani ya habari hii kuna kijana ambaye bado anakula kwao.

Bei kwanza, maana najua ndiyo mtakayoiuliza. Stendi hadi Mwanjelwa, Soweto au Mafiati ni 2,000. Uyole, Itezi, Iyunga ni kati ya 3,000 na 4,000. Mbalizi mnaelewana. Wa Tukuyu au Chunya wanakupelekea mpaka kwenye gari la huko, unamlipa na mwenye gari. Kwa spidi sina ugomvi nao. Huu ujenzi wa njia nne kutoka Nsalaga kwenda Ifisi umetulisha vumbi na foleni, lakini pikipiki inapenya. Mvua ikinyesha wanafunika mzigo turubai, wao wenyewe wanaloa. Kwa hayo nawapa nyota 4 bila kufikiri sana.

Ila bei na spidi havikuambii unamlipa nani. Utamjua siku utakayopiga simu useme mzigo sijaupata.

Siku hiyo ya Julai kiboksi kilikuwa na vioo 14, vingi vya Tecno na Infinix, viwili vya Samsung. Jumla 610,000. Kwa ukubwa ni kama boksi la viatu vya mtoto, unakiweka kwapani na unasahau kwamba unacho. Kioo kimoja kilikuwa cha mwalimu aliyetoka Chunya jana yake, akalala kwa dada yake Ilomba akisubiri simu yake. Nikapiga namba iliyokuja na ujumbe.

Namba za aina hii nimezipiga sana, kwa kampuni nyingine na kwa boda wa kuokota barabarani. Nayajua majibu yake. Kuna "mimi nimeshusha, ongea na ofisi." Kuna "niko barabarani, nitakupigia," na jua linazama hajakupigia. Yupo hata mmoja aliyeniambia, kwa sauti ya mtu aliyeamka vibaya, kwamba kina mama huwa tunasahau tulikoweka vitu. Huyo tuliachana siku hiyohiyo.

Huyu alisema: "Shikamoo dada. Niko Sae, nina dawa za mgonjwa hapa, nikishazishusha nageuza. Nipe dakika ishirini." Kisha, kabla hajakata, akauliza maswali. Grili ya mlango wako rangi gani? Ukitoka, nani huwa anakupokelea? Dar wamekifunga na selotepu ya kahawia au nyeupe?

Sikulisikia lile la "una uhakika?" Mtu aliyepotelewa na laki sita na ushee ukimuuliza kama ana uhakika umeshamwita mwongo, na kuanzia hapo mnagombana kuhusu heshima, mzigo wenyewe umewekwa pembeni. Huyu kijana, sidhani kama anazidi miaka 24, alikwenda moja kwa moja kwenye kiboksi. Nikajikuta namjibu kwa sauti ya kawaida, wakati nilikuwa nimejiandaa kupiga kelele.

Alifika baada ya dakika 25. Alizima pikipiki. Haka ni kajambo kadogo, lakini mwenye biashara anakaona: boda anayekusikiliza huku injini inanguruma ameshaondoka, kilichobaki ni mwili. Akavua helmeti, akanionyesha picha kwenye simu yake. Kiboksi changu, selotepu ya kahawia, kimekaa juu ya kaunta. Nyuma yake grili ya bluu.

"Si kwako hapa?"

Grili yangu ni ya bluu. Na ya saluni, fremu ya tatu kutoka kwangu, ni ya bluu. Na ya muuza mbegu pia. Mwenye nyumba alinunua ndoo moja ya rangi akapaka zote. Vibao vya namba tulipigiwa mwaka 2022, ile operesheni ya anwani za makazi iliyokwenda sambamba na sensa, lakini cha kwetu kimefunikwa na bango la mitindo ya nywele, na sijawahi kusikia mtu wa Mwanjelwa akielekeza kwa namba. Tunasema njoo mpaka kwa muuza mbegu, ukunje kulia.

Akaitazama ile picha, akatazama mlango wangu, akashika kichwa. "Niliuliza, mzigo wa Dada Fundi? Yule binti akasema ndiyo, lete."

Na kweli, yule binti wa saluni naye ni fundi. Fundi wa kusuka. Wateja wake nao wanamwita Dada Fundi, na asubuhi ile alikuwa anategemea rasta zake kutoka Tunduma. Hakuiba, hakudanganya. Alitia kiboksi kwenye mfuko wake na vifaa vyake vingine, akapanda bajaji kwenda Forest kumsuka bibi harusi.

Kijana akasema, kabla sijafungua mdomo: "Kosa ni langu, dada. Sikuuliza fundi wa nini."

Nimefanya kazi na watu miaka mingi na ninaweza kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja walioniambia kosa ni langu bila kukabwa. Akachukua namba ya binti kwa wenzake wa saluni, akapiga, haikupokelewa (mikono imo kwenye nywele, atapokeaje?), akauliza nyumba ya harusi iko wapi, akapanda Forest. Alikuta vioo vyangu chini ya kiti cha bibi harusi, karibu na sufuria ya maji ya moto ya kuchovya ncha za rasta. Kiboksi hakijafunguliwa. Akarudi nacho, akakiweka mezani kwangu, na hakuondoka. "Hesabu nikiwepo." Nikahesabu 14, nikavijaribu viwili vitatu kwenye simu, vikawaka. Saa 6 mchana mwalimu alikuwa kwenye gari la Chunya na simu yake mkononi.

Nilimpa chai na chapati mbili, nikamuuliza kesi za namna hii anakutana nazo mara ngapi. Yeye mwenyewe anaziita kesi. Kwa wiki hazikosi moja au mbili, alisema, na wezi ni wachache kuliko tunavyodhani. Mara nyingi mtu wa nyumbani kapokea na hajasema. Mtoto kaweka chumbani. Mume kapokea, kaona ni kitenge, kakaa kimya anasubiri aambiwe ni cha shilingi ngapi. Au jirani kapokea kwa nia njema, kasafiri kwenda Kyela. Ndiyo maana haanzi na mteja, anaanza na mlango: nani alikuwepo, nani ametoka.

Akanionyesha na daftari lake. Ofisi imewapa simu ya kupigia picha, lakini daftari ni akili yake mwenyewe. Saa, jina la aliyepokea, sahihi, na pembeni alama za kukumbukia: "geti jeusi, mbwa mkali," "mparachichi, bibi mwenye fimbo," "kwa mchungaji, usipige honi." Tangu siku ile ukurasa wangu umeandikwa "fundi SIMU," na simu imepigiwa mstari mara mbili.

Sasa niwape ile niliyokuwa mimi ndiye mtuma mzigo, maana hapo ndipo nilipomvulia kofia.

Kijana mmoja wa Itezi aliniletea Samsung yenye kioo kilichopasuka. Alilipa nusu, ikabaki 70,000 ambayo angeituma akishapata simu yake. Nikatengeneza, nikarudisha laini yake, nikajaribu kupiga, nikamkabidhi boda. Kesho yake mteja ananipigia kwa namba nyingine: Dada Fundi, mbona kimya, simu yangu sijaiona. Mimi ni fundi simu, jamani. Nikafungua WhatsApp, nikatafuta ile namba yake ya siku zote, ambayo laini yake nimeichomeka kwa mkono wangu ndani ya ile Samsung. Chini ya jina: yupo mtandaoni.

Damu ilinipanda. Nikampigia dereva nimwambie tumempata, ni mwizi, anachati na simu anayosema hana. Na daftari lake lilikuwa na sahihi ya mteja mwenyewe, kwa hiyo ushahidi tulikuwa nao wa kumwaga.

Akaniambia: "Dada, hilo usimwambie. Ukimwambia, itabidi aendelee kusema uongo."

Nikanyamaza. Akampigia, akiwa kwangu, nikamsikia: "Kaka, habari za toka jana. Samahani kwa usumbufu. Jana pale nilikuta watu wengi kidogo, inawezekana simu imepokelewa na mtu wa nyumbani akaihifadhi. Naomba uwaulizie. Mimi saa 10 napita huko Itezi, nitabisha hodi, tusaidiane kuitafuta."

Watu wengi gani? Alikuta mtu mmoja, mwenyewe, kavaa pensi. Lakini saa 8 mchana ujumbe ukaingia: simu nimeiona, mdogo wangu aliiweka kabatini. Jioni 70,000 ikaja kwa M-Pesa, na ya kutolea kaweka. Ya kutolea! Mtu ambaye asubuhi alitaka kunidhulumu.

Mume wangu anasema huko ni kulea wezi. Mimi bado sijaamua. Yule kijana wa Itezi amerudi mara mbili tangu hapo, ananisalimia kwa adabu, na mimi nachukua hela yote mapema. Ninachojua ni kwamba kama tungekwenda kwa mjumbe na daftari, ningekuwa na haki yangu mpaka leo, na 70,000 yangu ningekuwa naisikia kwa jirani.

Hadi hapa ni kuhusu dereva. Ofisi yao ni habari nyingine, na kule nyota zinaanguka.

Ile asubuhi ya vioo, kabla kijana hajafika, nilikuwa nimeipigia ofisi pia. Aliyepokea alikuwa na sauti nzuri. Akaniambia dai langu limeandikwa na nitajibiwa ndani ya siku 7 za kazi. Vioo vilipopatikana nikapiga tena siku hiyohiyo, nikasema nimepata, asanteni. Nikasahau. Baada ya wiki mbili yule kijana analeta mzigo mwingine, anazungukazunguka, anafuta helmeti isiyo na vumbi. Mwisho akasema: "Dada, ukipata nafasi, naomba ukawaambie ofisini kwamba ulipata."

Walikuwa wanamkata. Dai likiandikwa tu, thamani yote inawekwa kichwani kwa dereva aliyeupokea mzigo mwisho, na kila Jumamosi wanatoa 30,000 kwenye hesabu yake mpaka deni liishe. Laki sita na kumi, kwa vioo ambavyo muda huo nilishavifunga kwenye simu za watu na hela nimekula.

Nilifunga fremu nikaenda Kabwe kwenye ofisi yao. Dada wa kaunta akanigeuzia kioo cha kompyuta nijionee mwenyewe: dai halijafungwa. Lifungwe vipi? Mteja aje aandike kwa mkono kwamba amepokea, aweke sahihi. Na mteja anajulishwa saa ngapi? Akanitazama. Nikaandika, kwa kalamu niliyokwenda kuinunua duka la jirani kwa sababu ya kwao ilikuwa haina wino. Wiki tatu baadaye wakamrudishia 60,000 zake. Pole hawakumpa, na mimi hawakunipa.

Hebu fikirieni safari ya kile kiboksi. Muuzaji wa Kariakoo kakifunga. Kijana wa mkokoteni kakivuta. Jamaa yangu kakipeleka Mbezi, karani wa basi kakiandika, mtu wa buti kakipakia, mwingine Mbeya kakipakua, mtu wa ofisi ya Kabwe kakipokea, dereva kakileta. Mikono minane, na anayekatwa ni mmoja, yule ambaye mteja ana namba yake. Wa juu yake wote wana risiti yenye maneno madogo kwa nyuma.

Nina binamu yangu Ohio, Marekani, mji wa Columbus, anaendesha gari la kusambaza mizigo ya Amazon. Yeye hajaajiriwa na Amazon wenyewe, yuko kwa kampuni ndogo iliyopewa kazi hiyo, mpango walioanza mwaka 2018. Nilimsimulia habari ya saluni akacheka mpaka akaweka simu chini. Kwao, anasema, mteja humwoni. Unashusha boksi kibarazani, unapiga picha, programu inajua gari lako limesimama wapi, unakwenda mlango mwingine, na kwa siku milango inafika zaidi ya mia. Mteja akisema hajaupata anabonyeza tu kwenye simu yake, mara nyingi anarudishiwa hela au anatumiwa mwingine. Dereva anakuja kusikia baadaye, kama hesabu ndani ya alama zake za wiki. Kwa hiyo utetezi wake wote ni ile picha: namba ya nyumba ionekane, boksi lionekane, mlango uonekane. Kuna wezi wanaopita mitaani kuokota maboksi ya watu vibarazani, na yeye anaweza kushusha vizuri kabisa, kwa mpango, na bado dai likaja.

Nikamuuliza, huwa unarudi kuuliza? Akasema akipigiwa kabla hajatoka mtaani anarudi kuangalia labda kaweka kwa jirani, lakini zaidi ya hapo arudi kwa nani, mtu hana namba yangu na mimi sina yake. Ninamwonea huruma na ninamwonea wivu. Hakatwi laki sita. Ila pia hajawahi kupewa chapati.

Kuna mzigo mmoja ambao haukupatikana kabisa, lazima niuseme. Mashine ya hewa ya moto ya kung'olea vidude kwenye bodi ya simu, niliinunua mkono wa pili kwa fundi mwenzangu wa Iringa, 185,000. Aliipakia kwenye basi linalokuja Mbeya na kuendelea Tunduma. Mbeya haikushushwa. Kijana wangu, na safari hii hahusiki maana hakuupokea na daftari lake linaonyesha hivyo, alikwenda stendi jioni mbili, muda wake, kuwauliza vijana wa buti. Akapata kwamba ilibaki ndani, ikaenda Tunduma, na Tunduma pale mpakani mzigo usio na mwenyewe hauna umri mrefu.

Ofisi wakageuza risiti. Nyuma, kwa herufi za kusomwa na mdudu: mzigo usiotajwa thamani, fidia isiyozidi 50,000. Nilikuwa sijataja thamani, kwa kubana 2,000. Hiyo lawama naibeba mwenyewe. Lakini ilichukua wiki 5 kuipata hata hiyo 50,000, na kila nikipiga wananiambia ni suala la basi, na watu wa basi wananiambia ni suala la hao waliokatisha risiti. Kampuni za vifurushi zinapewa leseni na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, basi liko chini ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na mzigo wako ukiangukia kati ya buti na pikipiki unajikuta umesimama katikati ya milango miwili, kila mmoja unakuelekeza kwenye mwingine. Nilishaanza kuuliza pa kupeleka malalamiko ndipo hela ikaingia. Sijui kama ni kwa sababu hiyo.

Kwa hiyo: nitaendelea kuwatumia? Ndiyo. Ofisi nawapa nyota 2, na moja kati ya hizo ni ya yule dada wa kaunta aliyenigeuzia kompyuta, maana hakulazimika. Wenye kampuni, kama mnasoma: dai likifunguliwa kwa simu, lifungwe kwa simu. Na msianze kukata mtu kabla hamjamsikiliza yeye na aliyelalamika. Mnao vijana wanaojua kutafuta mzigo, wape hata nusu siku ya kuutafuta.

Kwa ninyi wateja wenzangu wa Mbeya, nilichobadilisha mimi ni hiki. Nataja thamani, 1,000 kwa kila laki, inauma lakini nalipa. Kwenye kiboksi jamaa yangu wa Dar anaandika kwa makapeni FUNDI SIMU, kwa muuza mbegu, na tarakimu nne za mwisho za namba yangu, na dereva haachi mzigo mpaka mtu azitaje. Bango la nywele nimeongea na wa saluni wakalisogeza, kibao cha namba sasa kinaonekana, ingawa wapitao bado wanauliza kwa muuza mbegu. Na nikiupata mzigo uliokuwa umepotea, ninaandika ujumbe kwa ofisi muda uleule, ninaupiga picha, ninamtumia na dereva nakala.

Madereva wao siwezi kuwapa nyota kwa jumla, maana nimetumia sita na wanatofautiana kama vidole. Mmoja bado anaongea injini ikinguruma. Lakini huyu wangu, mtoto wa Tukuyu, ana nyota 5 zote. Siku alipogundua mimi ni Mbena wa Makambako aliacha shikamoo, sasa akifika anasema "Kamwene," salamu ya kwetu, kwa lafudhi mbaya kupita kiasi, na mimi namjibu "Ndaga" yangu ya Kinyakyusa ambayo nayo anasema ni mbaya.

Leo asubuhi kaleta vioo 20. Kabla ya picha akaniambia nikishike kiboksi kwa mkono, uso wangu usionekane, ofisi siku hizi wanataka mkono wa mpokeaji. Vidole vyangu vilikuwa na gundi ya usiku wa jana mpaka kwenye kucha. Akapiga, akaitazama, akasema, "Dada, kanawe turudie. Hii wataniuliza nimempelekea nani."